Debe la Moshi la Baba Hilda

Mnataka niwafundishe debe la moshi. Haya, nitawafundisha, ila nawaambia mapema msije mkasema mzee aliwaficha: debe litawaonyesha mahali injini inapovuta hewa isiyostahili, na hapo kazi yake imekwisha. Halizibi tundu. Haliagizi spea. Nimekuwa fundi tangu sijaota ndevu, sasa zimeota na zimekuwa nyeupe, na nikigeuka nyuma sioni cha kujisifia. Naona mipira iliyopasuka tu.

Ninyi mna kidude mnachochomeka chini ya usukani, kinawatajia ugonjwa. Kikinyamaza na ninyi mnanyamaza, mnanitazama mimi. Siwacheki. Na mimi nilimtazama mtu hivyohivyo, tena kwa miaka.

Mtu huyo ni Baba Hilda, Mmakonde wa Newala, fundi mkuu wa karakana ya malori ya ushirika hapa Masasi. Mimi Myao wa hapahapa mjini nilikuwa chini yake. Alikuwa anaweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha kwenye injini, anafumba macho, halafu anakuambia valvu ipi imelegea. Ukiazima spana yake bila kuomba hakugombezi, anakununia mpaka wewe mwenyewe unatamani akupige kofi. Alikuwa mtu wa kanisa, na pombe hanywi. Kaka yake mkubwa aliuawa na nipa, ile pombe kali wanayoitonesha kwa mabibo, yale matunda ya mkorosho, msimu wa korosho. Walimkuta asubuhi njiani, ameshakauka. Tangu siku hiyo nipa haikuvuka kizingiti cha Baba Hilda. Hata harusini, chupa ikianza kuzunguka yeye anahama mkeka. Hilo lishikeni, tutarudi kwalo.

Ikaja ruksa, ile ya kila mtu kununua na kuuza apendavyo. Sisi karakana tulishangilia kama wajinga, tukidhani ruksa ni ya kwetu pia. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mafundi wao, ushirika ukakosa mzigo, karakana ikafungwa. Vifaa vikapigwa mnada. Ile jeki niliyojifunzia kazi niliiona baadaye dukani kwa muuza nguo, inashikilia mlango usijifunge na upepo. Mimi nikaanzisha gereji bubu nyuma ya stendi. Baba Hilda akapanda kwao Newala na kiinua mgongo chake.

Nyote mnajua Newala ilivyo: watu juu, maji chini bondeni. Miaka hiyo bomba lilikuwa likitoa maji siku linapojisikia. Baba Hilda akachukua kiinua mgongo chote, akawaomba dada zake wakauza mikorosho ya ukoo iliyokuwa karibu na barabara, akanunua pikapu ya mtumba iliyotoka Ujapani. Atateka maji bondeni kwa mapipa, atayapandisha, atauza. Siku aliyonionyesha gari hilo alipiga boneti kwa kiganja akaniambia, "Baba Salma, uzee wangu wote umo humu. Nikishindwa hapa sina pengine pa kushika." Mama Hilda alikuwa amesimama kando. Mikorosho ile kwa mila yao ni ya upande wa kike, na mwanamume aliyeiuzisha kisha akaharibikiwa huwa hana uso wa kuwatazamia dada zake.

Akafungua boneti. Jamani. Sisi tumelelewa na dizeli, injini unaiona yote, chuma kitupu. Hii ilikuwa ya petroli, imefunikwa mipira myembamba imepishanapishana huku na kule. Baba Hilda aliiinamia kitambo, kisha akaniuliza, "Hii ni injini au utumbo wa mbuzi?"

Na ilikuwa mgonjwa. Silensa, yaani ukiiacha iungurume yenyewe bila kukanyaga resi, inatetemeka mpaka vioo vinalia, halafu inazima. Barabara tambarare inakwenda, ukifika mlimani na mzigo inakata pumzi. Tulisafisha plagi, tukasafisha kabureta, tukapima moto wa umeme. Wapi.

Sikilizeni hapa, maana hili ndilo somo. Injini ya petroli inatakiwa ivute hewa kwa mlango mmoja, ule unaofunguka ukikanyaga resi. Mpira ukipasuka au gasketi ikikaa vibaya, inavuta nyingine uchochoroni. Hewa hiyo haikupimiwa mafuta yake, ni hewa ya wizi. Na tundu lenyewe hulioni. Linaweza kuwa dogo kama la sindano, limejificha chini ya manifodi, lile bomba linaloigawia injini hewa, ambako hata vidole havifiki. Wengine walikuwa wananyunyizia petroli kwenye injini inayounguruma wasikie wapi sauti inabadilika. Mimi nilijaribu mara moja. Nyusi zangu zilichukua muda kurudi, na ya kushoto hairudi sawasawa mpaka leo, mnaiona. Msifanye.

Jawabu halikutoka kitabuni. Lilitoka kwenye sahani. Nilikuwa nimepanda Newala kumsaidia, tumechoka, Mama Hilda akatuwekea ugali wa muhogo na samaki nchanga. Msiojua, hao ni panya wa shambani, wamekaushwa vizuri. Mimi nikasogeza bakuli upande wake, nikaomba mboga za majani, nikaanza utani wetu wa siku zote.

"Ninyi Wamakonde mna akili. Mnachimba panya, mnamwita samaki, ili jina lishuke kooni kwanza."

"Hatuchimbi ovyo kama unavyodhani," akasema. "Unatafuta mlango wake, unawasha nyasi, unapuliza moshi ndani, unaziba. Yeye ana mlango wa pili kaufunika kwa majani, huuoni hata ukiukanyaga. Moshi wenyewe ndio unakuonyesha..."

Tonge likabaki mkononi. Akaligeuzia shingo lile gari, na mimi nikageuka. Mama Hilda akatuuliza, "Mmeona nyoka?"

Basi debe likazaliwa. Andikeni kama mnaandika. Chukueni debe la mafuta ya kula, tafuteni fundi makopo aliwekee kifuniko kinachobana. Mwambieni atie matundu mawili juu: moja la kuingizia upepo wa pampu ya baiskeli, jingine, lenye shingo, la kutolea moshi. Hapo shingoni sisi tulifunga bomba la shaba tulilong'oa kwenye friji bovu, refu, tukalizungusha ndani ya beseni la maji. Kazi ya maji ni kupooza moshi na kuua cheche kabla hazijafika kwenye injini, maana humo ndani kuna mvuke wa petroli na mvuke hauna utani. Injini iwe baridi. Betri muichomoe. Mdomo wa kuvutia hewa uzibeni kwa nailoni na kitambaa. Moshi muuingizie kwa mpira mnene wa breki, ule unaotoka kwenye manifodi, kisha mpulize polepole kama mnaamsha jiko. Kompresa hapana, itawatobolea matundu mapya. Na juu kule msipime asubuhi mapema, ukungu wa Newala utawaonyesha uvujaji hata kwenye gari lisilo na tundu. Subirini jua, muwe upande usio na upepo, muangalie mkiwa na kitu cheusi nyuma ya injini.

Mama Hilda alituona tukimimina maji kwenye beseni akasema, "Hayo yakishapoza chuma chenu yarudi kwenye ndoo yangu." Yalirudi.

Sasa moshi wa nini? Hapo ndipo tulipofanya ujinga ambao mtu wa Arusha hawezi kuufanya hata akitaka. Nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la maganda ya korosho. Tukasema, hakuna kitu kinachofuka kama ganda la korosho, na tena ni bure. Kila mtoto wa huku anajua mafuta ya ganda lile yanachuna ngozi, kila mama anayekaanga korosho anakaa upande upepo unakotoka. Tulijua na sisi. Tukajibishana kisomi kabisa: moshi utakuwa ndani ya debe, utakwenda ndani ya injini, sisi utatukuta wapi? Hatukukumbuka kwamba tulikuwa tunautafuta mahali unapotoka, na kwamba tutakuwa tumeweka nyuso zetu hapohapo.

Ulitoka. Ulitupata machoni wote wawili kwa mpigo. Kesho yake midomo ilikuwa imevimba, na wiki iliyofuata nyuso zinabanduka. Baba Hilda alikwenda kanisani hivyohivyo, na padri alimwuliza kama ameungua. Akajibu, "Nimejipikia." Mafuta ya ganda yakaenda kuganda kwenye mlango wa resi, ikawa kazi nyingine ya kuvunja na kuosha kabureta.

Mama Hilda ndiye aliyetuokoa. Alisema yeye akiunguza mafuta ya ufuta jikoni nyumba nzima inakohoa lakini hakuna anayevimba. Akatupa kipande cha kanga kuukuu ya pamba, tukakilowesha ufuta, tukakilaza juu ya makaa machache ndani ya debe, debe lenyewe likiwa juu ya mafiga. Moshi mweupe, mzito, mtiifu. Huo ndio moshi. Kitambaa kiwe pamba tupu, hivi vya nailoni vinayeyuka na kunuka.

Lakini kabla hatujapuliza, tukasikia hodi. Ulikuwa msimu wa mabibo. Mwenyekiti wa mtaa kaingia na mgambo mmoja.

"Shikamoo, Baba Hilda."

"Marahaba. Karibuni."

Mwenyekiti akawa anatazama miguu yake. Mgambo ndiye aliyesema. "Samahani, mzee wangu. Tumeambiwa hapa kuna mtambo."

"Mtambo upi?"

Mgambo akanyoosha fimbo. "Debe juu ya mafiga, bomba la shaba, beseni la maji. Mzee, mimi nimevunja mitambo ya nipa mpaka Kitangari. Sijaona uliokamilika hivi."

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwenyekiti naye akacheka, kwa kuona haya. Baba Hilda hakucheka. Akafungua kifuniko, akasema, "Nuseni." Wakanusa, mmoja baada ya mwingine, wakakohoa. Mgambo akasema hiyo ni kanga inaungua, akaomba radhi, wakaenda zao. Nilidhani yamekwisha. Jioni, tunakunja vitu, Baba Hilda akaniambia kwa sauti ya chini sana, "Wamekuja kunusa nipa nyumbani kwangu, Baba Salma. Nyumbani kwangu mimi." Na hakula.

Kesho yake tukapuliza. Pampu ikalia, tukasubiri, halafu chini ya manifodi kikatoka kiuzi cheupe, kimesimama wima. Mzee yule alikishika kwa ncha ya kidole, akakiziba, kikakoma. Akaondoa kidole, kikarudi. Gasketi ilikuwa imeliwa. Tukaikata mpya kwa mkono, tukafunga, tukawasha. Silensa ikatulia hata ukisimamisha shilingi juu ya boneti haianguki. Nimewahi kumwona Baba Hilda akifurahi mara chache, na ile ni mojawapo. Msimu ule alipandisha maji kila siku. Mama Hilda akanunua kitenge, dada zake wakaanza kupita kusalimia.

Ningependa niishie hapo. Hadithi nyingi za kazi mnazosimuliwa zinaishia hapo, kwenye kiuzi cha moshi. Huo ni uongo.

Gari lile lilikuwa limeshakula ujana wake kwa watu wengine kabla hatujaletewa. Mipira yote ilikuwa ya umri mmoja, na vitu vya umri mmoja hufa pamoja. Ukaanza kupasuka mmoja. Tukapima, tukauona, tukauziba kwa raba ya tairi la baiskeli. Raba ile haivumilii petroli, ikanywa mvuke, ikavimba, ikaoza. Ukapasuka wa pili. Tukaagiza mipira mipya Dar es Salaam. Ilikuja kwenye mifuko inayong'aa, ina maandishi ya Kijapani, na ilikatika kabla mvua hazijaanza. Soko lilikuwa huria, na mwenye kughushi naye alipewa uhuru wake. Nikawa napanda Newala kila ninapoweza, tunawasha makaa, tunapuliza. Kila mara moshi unatoka mahali papya. Baba Hilda akawa anaonyesha kwa kidole tu.

Siku ya mwisho moshi ulitoka kila pembe. Gari zima lilikuwa linafuka, huwezi kusema hapa ndipo. Nilimwambia, "Baba Hilda, gari hili limechoka lote. Liache." Akaniuliza, "Niliache niende wapi?" Tukaziba tulipoweza, na asubuhi tukateremka kuteka maji, mimi kando yake.

Kupanda, mapipa yamejaa, tumefika kona kali karibu na kichwa cha mlima, injini ikakohoa na kuzima. Sasa jueni hili: ile nguvu inayosaidia mguu wako kwenye breki inatokana na uvutaji wa injini. Injini ikizima, akiba iliyobaki ndani ya mpira inakupa kukanyaga mara moja au mbili. Mpira wetu ulikuwa na tundu, akiba haikuwepo. Nilimwona anakanyaga kwa miguu yote miwili na pedali imekuwa jiwe. Tukaanza kurudi nyuma. Hakupiga kelele. Alikata usukani, akalilaza gari kwenye ukingo wa mlima, likagonga, likasimama. Mapipa yakaruka.

Tulikuwa wazima. Maji yakatelemka barabarani, mchanga mwekundu unayanywa huku yanakwenda. Wanawake waliokuwa wanapanda na ndoo vichwani wakasimama. Mmoja akatua ndoo yake, akainama, akaanza kuchota kwa kata pale tairi lilipochimba, na wenzake wakafuata. Baba Hilda alishuka, akasimamisha pipa moja lililobakiwa na kidogo, akawaambia wachote humo, hayo ni safi. Kisha akakaa juu ya jiwe, akayatazama yale yanayokwenda.

"Huo uzee wangu unateremka," akasema.

Gari lilivutwa mpaka nyumbani kwake likawekwa uani. Mimi nikarudi Masasi, nikaendelea na gereji yangu, na kwa muda mrefu sikupanda. Niseme kweli, sikutaka kumwona. Nilijitengenezea debe jingine, nikalitumia kwa magari ya watu, likanipa jina, watu wakatoka Nanganga na Lulindi kutafuta fundi wa moshi. Jina hilo ndilo lililowaleta ninyi hapa.

Nilipanda tena msimu mmoja wa korosho kwa ajili ya msiba. Baada ya mazishi nikapita kwake. Kuku walikuwa wametagia kwenye kiti cha dereva. Nyuma ya nyumba nikaona moshi, nikazunguka. Baba Hilda alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga. Juu ya mafiga debe letu, bomba letu la shaba, beseni la Mama Hilda. Harufu niliisikia kabla sijafika.

"Shikamoo, Baba Hilda."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Umekuja wakati mzuri. Linavuja shingoni, mvuke wote unapotea. Naziba kwa unga wa muhogo, unakauka unapasuka."

Nilisimama. Mimi ni Mwislamu, kitu kile hata kukigusa sikupaswa. Na yeye alikuwa yeye. Nilitaka kulitaja jina la kaka yake. Nadhani alilisikia hata hivyo, maana alisema, "Dada zangu hawapiti tena hapa. Mama Hilda anakula nini? Usiniambie kitu, Baba Salma. Niambie linavuja wapi."

Akaepua debe, akamwaga kilichokuwamo kwenye ndoo, akatia makaa machache na kipande cha kanga chenye ufuta. Alikuwa amekiweka tayari. Nikauziba mdomo wa bomba kwa kidole gumba, yeye akapiga pampu. Kiuzi cheupe kikasimama shingoni, mahali pamoja tu. Nikaenda kwenye pikapu, nikafukuza kuku, nikafungua klipu ya chuma kwenye mpira wa breki, ule uliotutupa mlimani. Nikazungushia shingo kitambaa na unga wa muhogo, nikavika klipu, nikakaza kwa bisibisi yake ya zamani.

Akapiga pampu tena. Tukainama wote wawili, vichwa vinagusana, tukangoja. Hakukutoka kitu. Akapiga zaidi, hakukutoka kitu.

"Ona," akasema Baba Hilda. "Miaka yote ile, hiki ndicho cha kwanza tulichoziba kikazibika."

Akakung'uta makaa, akamimina tena mabibo yake ya kwenye ndoo, akafunika, akachochea moto.